Nilitia alama kwa wote wawili: je, kura yangu ilihesabiwa?

Katika maswali ya wasomaji ya toleo hili tumechagua barua mbili zinazohusu jambo moja: mpiga kura wa Kenya afanye nini asipomtaka mgombea urais yeyote. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nasi tumeipunguza kidogo tu.

SWALI

Assalaam aleikum, mhariri.

Mimi ni mkaazi wa Majengo, Mombasa. Nimestaafu kazi ya ukarani katika uondoshaji wa mizigo bandarini, na nimekuwa nikipiga kura tangu ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa Desemba 1992. Barazani kwetu huniita mhafidhina, nami sikatai jina hilo, kwa kuwa naamini kwamba nyumba husimama kwa ndoa, mtoto hulelewa kwa dini, mali ya umma ni amana, na mtu asiyetimiza neno alilolitoa mbele ya watu wazima hafai kukabidhiwa nchi.

Tarehe 9 Agosti 2022 nilikuwa kituoni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Nilipewa karatasi tano badala ya sita, maana zile za gavana wa Mombasa zilikuwa na makosa ya uchapishaji na uchaguzi wake ukaahirishwa. Karatasi nne nilizimaliza upesi. Ile nyeupe ya rais nilisimama nayo ndani ya kile kibanda cha kadibodi mpaka nikasikia karani akikohoa. Mmoja wa wale wawili wakubwa, William Ruto, alikuwa naibu wa rais kwa miaka tisa na ushei, naye akinadi mabadiliko kana kwamba aliingia mjini jana. Wa pili, Raila Odinga, aliipinga serikali hiyo hiyo mpaka Machi 2018, akapeana mkono na Rais Uhuru Kenyatta, na miaka minne baadaye akawa ndiye mgombea anayeungwa mkono na ikulu. Nilijiona kama mtu aliyetumwa sokoni akakuta nguru na jodari, wote wawili wamevunda, na nyumbani wanasubiri kitoweo. Nikatia alama kwa wote wawili, nikaikunja karatasi, nikaitumbukiza sandukuni, nikatoka na wino kidoleni kama watu wengine.

Baadaye mpwa wangu alinitolea kwenye simu Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo chetu. Katika mstari wa kura zilizokataliwa pameandikwa 3. Moja katika hizo tatu ni yangu. Mke wangu asema nimeitupa kura. Kijana wangu asema nimemsaidia aliyeshinda. Jirani yetu mmoja, mtu wa elimu ya dini, asema kura ni ushahidi, na kwa hivyo nilifanya vyema kutoshuhudia nisichokiamini. Uchaguzi wa gavana uliofanywa tarehe 29 mwezi huo huo sikwenda, moyo ulikuwa umekwisha. Tangu hapo nimeona baa ikifunguliwa nyuma ya chuo cha Qur'ani wanakosoma wajukuu wangu, na ubavuni mwake duka la kamari, na sikumsikia rais yeyote akiguswa na hilo.

Naomba unijibu. Je, kura yangu ilihesabiwa? Kwa nini sisi watu wa namna hii hatuna chama chetu? Na Agosti 2027, wakisimama tena wawili nisiowataka, nifanye nini?

Mzee wa Majengo

JIBU

Wa aleikum salaam, mzee wangu.

Karatasi yako ilihesabiwa, kura yako haikuhesabiwa. Baada ya sanduku kufunguliwa, msimamizi wa kituo aliinua karatasi moja moja mbele ya mawakala wa wagombea, na alipofika kwenye yako akaona alama mbili, akawaonyesha, akaiweka kando pamoja na nyingine zenye kasoro, na jioni ikaingia katika ile tarakimu 3 uliyoiona. Hapo ndipo safari yake ilipokoma. Kitaifa kura zilizokataliwa katika uchaguzi wa rais wa 2022 zilikuwa 113,614, na hakuna hata moja iliyoingia katika hesabu ya asilimia ya mgombea yeyote.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na naomba univumilie nieleze, kwa sababu mgogoro wako na mkeo umo humu. Kifungu cha 138 cha Katiba ya 2010 kinamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Sasa, "kura zote zilizopigwa" ni zipi? Mtu aliyepanga foleni, akatiwa wino, akatumbukiza karatasi yenye alama mbili, amepiga kura au hakupiga? Katika uchaguzi wa Machi 2013 Tume ya Uchaguzi na Mipaka ilihesabu kwamba amepiga. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa kura 6,173,433, sawa na asilimia 50.07 ya karatasi zote pamoja na zile zilizokataliwa, ambazo zilipita laki moja. Aliuvuka mstari wa nusu kwa kura zisizofika elfu kumi. Kwa hesabu hiyo, watu wachache zaidi wenye hasira kama zako wangeirudisha nchi nzima kwenye foleni.

Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake tarehe 30 Machi 2013, ilisema kwamba kura zilizopigwa ni zile halali peke yake, na ilipofuta uchaguzi wa rais mnamo Septemba 2017 haikuugeuza msimamo huo. Tangu hapo, mtu anayeiharibu karatasi ya rais kwa makusudi anazungumza na msimamizi wa kituo tu. Mimi naona uamuzi ule uliwanyima wapiga kura wa aina yako chombo walichokuwa nacho bila kukijua, lakini ndiyo sheria tuliyo nayo, na ushauri wowote nitakaokupa lazima uanzie hapo.

Mkeo, basi, yuko karibu na ukweli. Kijana wako naye ana sehemu yake, ijapokuwa ndogo kuliko anavyodhani. William Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. George Wajackoyah alipata 61,969 na David Mwaure Waihiga 31,987. Jumla ya kura halali ni 14,213,027, na nusu yake ni milioni 7.1 na kidogo, kwa hivyo mshindi aliipita nusu kwa kura kama 69,600 hivi. Nilikaa na kalamu nikajiuliza: je, lau zile karatasi 113,614 zote zingetiwa alama moja safi kwa mgombea wa tatu au wa nne, mshindi angeikosa nusu na duru ya pili ingefika? Isingefika. Mshindi angeteremka mpaka asilimia 50.09 na kubaki juu ya mstari kwa kura zipatazo elfu kumi na tatu. Ilikuwa karibu sana, lakini hapana. Mwambie kijana wako kwamba babake hakumtawaza mtu.

Wasiohesabiwa hasa walikuwa kwingine. Waliosajiliwa walikuwa 22,120,458, na karibu milioni 7.8 kati yao hawakutokea kabisa. Idadi hiyo ni kubwa kuliko kura za mshindi. Mombasa ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizojitokeza kwa uchache zaidi nchini, na ukipita Majengo, Kisauni au Likoni ukauliza sababu, utasikia kwa maneno tofauti barua yako yenyewe.

Ulisimama mbele ya karatasi yenye majina manne ukaona mawili. Sikulaumu, kwa kuwa kampeni, redio na barazani zilituonyesha mawili. Lakini Wajackoyah, ambaye alitaka kuhalalisha bangi na kufuga nyoka, simwoni akiwa mtu wako, na Waihiga, wakili na mhubiri aliyesimama kwa tikiti ya Chama cha Agano, alikuwa akihubiri vita dhidi ya ufisadi kwa lugha isiyo mbali na lugha yako ya amana. Huenda ulikuwa na sababu zako za kumpita. Kisheria, hata hivyo, alama moja kwa mtu wa namna hiyo ni kura halali: inaongeza jumla, na kwa hivyo inaupandisha ule mstari wa nusu ambao mkubwa lazima auvuke. Alama mbili kwa wakubwa wawili haifanyi lolote kati ya hayo.

Mwaka 2016 wahafidhina wa jimbo la Utah nchini Marekani, wengi wao watu wa dini waliozoea kukipigia chama cha Republican miaka na miaka, walijikuta hawamtaki Donald Trump wala Hillary Clinton. Akajitokeza Evan McMullin, mwenzao asiye na chama wala jina kubwa, akapata takriban asilimia 21 ya kura za jimbo. Trump alilichukua jimbo hilo vilevile, lakini kwa asilimia 45 hivi, katika mahali ambapo mgombea wa chama chake hutarajia zaidi ya nusu, na kutoridhika kwa watu wale kulionekana katika tarakimu zilizochapishwa. India nayo tangu 2013 imeweka katika mashine zake kitufe cha anayewakataa wagombea wote. Ufaransa tangu 2014 hutangaza kura tupu peke yake, mbali na zilizoharibika, ingawa haiziingizi katika asilimia. Kwetu kitufe hicho hakipo, na wanasiasa wetu hawana haraka nacho, kwani nani atakayetunga sheria ya kujikataa mwenyewe?

Kuna jambo moja la kukuudhi zaidi kabla ya kukufariji. Tuseme duru ya pili ingefika. Katiba inataka ifanywe ndani ya siku 30, kati ya wawili walioongoza, na wewe ungerudi kwenye kibanda kile kile cha kadibodi ukapewa karatasi yenye nguru na jodari peke yao. Faida ya duru ya pili kwa mtu kama wewe ni zile siku 30 zenyewe. Katika siku hizo mgombea anayehitaji kura elfu sabini huenda akaja kukaa mkekani na wazee wa Majengo, akasikia habari za baa na chuo, na akalazimika kujibu kwa maneno yanayoweza kunukuliwa. Kabla ya hapo anahitaji mamilioni, na mamilioni huzungumzwa nayo kwa vipaza sauti.

Nakiri pia kwamba, kwa upande mmoja, karatasi yako ilikuwa na busara kuliko zetu sote. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana kuhusu Mswada wa Fedha na bunge kuvamiwa tarehe 25 Juni, rais aliwateua vigogo wa chama cha Raila Odinga kuwa mawaziri, na Machi 2025 wakubwa wale wawili wakatia saini mkataba wa kufanya kazi pamoja, miezi saba kabla Raila hajafariki Oktoba 2025. Sisi tuliotia alama moja, kwa huyu au kwa yule, tuligombana na mashemeji zetu kwa ajili ya chaguo ambalo wenyewe walilifuta. Wewe uliyetia alama mbili uliitabiri serikali tuliyoipata. (Mimi mwenyewe 2022 nilimpa kura mtu ninayemnung'unikia mpaka leo, simtaji, nimejichagulia.)

Kuhusu neno la jirani yako kwamba kura ni ushahidi: mimi si mtu wa fatwa, na suala hilo lina wenyewe. Nitasema moja tu kama msomaji wa kawaida. Wewe umetumia neno amana, na aya ya 58 ya Suratun Nisaa inaamuru amana zirejeshwe kwa wanaostahiki na watu wahukumiwe kwa uadilifu. Ukiwaendea wanazuoni, usiwaulize kama inafaa kumshuhudia mtu usiyemwamini, kwa sababu jibu la swali hilo unalijua. Waulize anayeshika karatasi sita, mbili zikimchoma na nne zikiwa na watu anaowaona wanafaa, anafanyaje na hizo nne.

Sasa chama. Wewe ulikuwa kijana Mombasa 1992, basi unakumbuka kuliko mimi. Chama cha Kiislamu cha Kenya, IPK, kilizaliwa mwaka ule, kikaujaza mji huu watu na mabango, na serikali ikakataa kukisajili kwa hoja kwamba kimejengwa juu ya dini. Wafuasi wake wakaegemea chama cha upinzani cha Ford-Kenya. Katiba ya 2010 imelifunga jambo hilo kwa maandishi: Kifungu cha 91 kinakataza chama kuundwa kwa misingi ya dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Hakikatazi chama cha maadili, mradi hakijengwi juu ya dini moja. Lakini jaribu kukiunda uone. Utahitaji wahafidhina wenzako wa bara, na hapo ndipo mambo yanapochacha.

Kumbuka kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Makanisa mengi yaliipinga katiba mpya kwa sababu mbili kubwa: kipengele kinachohusu utoaji mimba, na kutajwa kwa Mahakama za Kadhi. William Ruto aliongoza upande wa La, Raila Odinga alikuwa upande wa Ndiyo. Mzee wa kanisa kule Eldoret alikataa kwa jina la dini. Mzee wa msikiti hapa Mombasa, anayechukia utoaji mimba kwa kiasi kile kile, alikubali kwa jina la dini, kwa sababu mahakama ya kadhi inayogawa mirathi na kuamua talaka ilikuwa ndani ya waraka huo, na Pwani ikapiga Ndiyo kwa wingi. Watu wawili wenye maadili mamoja walipiga kura zilizopingana. Ukiniuliza kwa nini hakuna mgombea wa urais anayekujali hasa wewe, jibu langu ni hilo: kutoka Nairobi wewe huonekani kuwa mhafidhina, unaonekana kuwa Mpwani, na kapu la Mpwani lina ahadi zake maalumu, bandari na ardhi. Ahadi ya kurudisha uondoshaji wa mizigo Mombasa ilitangazwa na rais siku ile ile ya kuapishwa, tarehe 13 Septemba 2022. Ni kiasi gani kilichorudi, wewe uliyeifanya kazi hiyo ndiye utakayetuambia.

Nimeichelewesha makusudi sehemu ya barua yako iliyonifanya niisome mara mbili. Unasema baa imefunguliwa nyuma ya chuo, na duka la kamari kando yake, na rais hakuguswa. Hakuguswa kwa sababu si kazi yake. Fungua Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, inayoorodhesha kazi za kaunti. Humo utakuta leseni za vileo, na kamari na kasino, zimeandikwa karibu na vituo vya kulelea watoto na ufundi wa vijijini. Anayeweka sera ya leseni za baa Mombasa ni serikali ya gavana. Anayepitisha sheria zake ni bunge la kaunti, ambalo ndimo alimo mwakilishi wa wadi yako. Karatasi iliyogusa ukuta wa nyuma wa chuo cha wajukuu zako ni ile moja ambayo hukupewa tarehe 9, kwa makosa ya mchapishaji, na ambayo ilipoletwa tarehe 29 Agosti ulikuwa nyumbani. Nasema hivi kwa heshima, mzee wangu, na si wewe peke yako. Siku ile vituo vingi vya mji huu vilikuwa na makarani wanaopiga soga.

Jambo hilo lingali na dawa hata leo, bila kungoja 2027. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ambayo watu huiita sheria ya Mututho, inazuia leseni mpya ya baa ndani ya mita 300 kutoka taasisi inayofundisha watoto walio chini ya miaka 18. Sioni kwa nini chuo cha Qur'ani chenye watoto arubaini kisihesabiwe kuwa taasisi ya kufundishia. Chukua kamba au chukua mpwa wako mwenye simu, mpime umbali kutoka mlango wa chuo hadi mlango wa baa, mwalimu wa chuo aandike barua, wazazi watie sahihi, na mpeleke kwa afisa wa leseni wa kaunti ndogo, nakala kwa mwakilishi wadi. Leseni za baa huhuishwa, na wakati wa kuhuishwa ndio wakati wa kupinga. Hapo uhafidhina wako utakuwa na anwani.

Na 2027? Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, tarehe 10. Wagombea wakubwa huidhinishwa katika mikutano ya wajumbe miezi kadhaa kabla, na mwaka 2022 Machi ilipokwisha wote wawili walikuwa wameshasimikwa. Ikiwa una nguvu ya kukataa, itumie kabla ya hapo, kwa kujiandikisha katika chama kimoja, hata usichokipenda sana, na kumuuliza mjumbe wa wadi yako atampeleka nani. Kama mnamtaka mtu wenu asiye na chama, Katiba inaruhusu mgombea huru, lakini lazima awe na sahihi zisizopungua 2,000 za wapiga kura katika kila kaunti kati ya kaunti zaidi ya nusu. Hizo ni sahihi 48,000 kwa uchache, na hazipatikani barazani Majengo pekee.

Ukifika kibandani na bado hakuna anayekuridhisha kwa urais, chagua moja kati ya mambo mawili. Mpe kura yako yule wa tatu au wa nne ambaye unaweza kulitaja jina lake mbele ya wajukuu bila haya, ukijua hatashinda. Au iache nyeupe ile tupu, kama dhamiri haikuruhusu kumgusa yeyote, ukijua pia kwamba haitaingia katika asilimia. Lakini karatasi tano nyingine usizitie adhabu ya ile moja, na ya gavana uijaze kwanza.

SWALI

Habari mhariri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Mikindani, na ni Mkristo. Katika kikundi chetu cha akina mama wa kanisa tumefikia kwamba hakuna kati ya wanaotajwa kugombea urais anayeishi maisha tunayowafundisha watoto wetu. Baadhi ya wenzangu wanasema tusiende kabisa, maana watu wakiwa wachache mno uchaguzi utatangazwa kuwa batili na vyama vitalazimika kuleta watu wengine. Mume wangu anasema hayo ni ndoto. Nani mkweli?

Mama wa Watatu, Mikindani

JIBU

Dada yangu, mume wako ni mkweli, na ushahidi si wa mbali.

Hakuna kiwango cha chini cha waliojitokeza katika sheria ya uchaguzi wa Kenya. Tarehe 26 Oktoba 2017 uchaguzi wa rais ulirudiwa baada ya ule wa Agosti kufutwa. Raila Odinga alijitoa, wafuasi wake wakasusia, na waliopiga kura hawakufika asilimia 40 ya waliosajiliwa. Katika kaunti nne za Nyanza, yaani Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, upigaji kura haukuwezekana kabisa katika maeneo mengi. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 98, na tarehe 20 Novemba Mahakama ya Juu ikaukubali uchaguzi huo. Ikiwa kususia kwa mamilioni, kwa mpango na kwa kiongozi anayejulikana, hakukuubatilisha uchaguzi, kususia kwa akina mama wa kikundi kimoja cha Mikindani hakutausogeza hata inchi moja. Kinyume chake, kila anayebaki nyumbani anaipunguza jumla, na jumla ikipungua nusu yake hupungua nayo, na yule msiyemtaka anahitaji kura chache zaidi kuipita.

Kuhusu maisha wanayoishi wagombea, sina la kuwabishia. Ningewauliza tu, mkikutana tena, kama mlimpima hivyo hivyo mwakilishi wadi wenu, ambaye mnamwona kanisani, mnamjua mkewe, na mnajua kama karo ya watoto wake ameilipa. Huyo mnaweza kumpima kwa macho yenu. Wa urais mnampima kwa mabango.

Na kwa kuwa mwenzako mmoja aliongeza pembezoni mwa barua kwamba anaogopa kukosea karatasi kwa wasiwasi: ikiwa umeitia alama pasipo kukusudia na bado hujaitumbukiza sandukuni, usiikunje ukanyamaza. Irudishe kwa msimamizi wa kituo, mwambie umekosea. Ataifuta hiyo, ataiweka mbali na kura, na atakupa nyingine. Hiyo ndiyo inayoitwa kura iliyoharibika, na ni tofauti na iliyokataliwa. Ikishapita kwenye tundu la sanduku, hakuna wa kukurudishia.